Jina Ambalo Mama Shemasi Hakulitoa

Kuna watu pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale walionyimwa kiwanja, wengine walinyimwa kadi ya posho. Mimi nilinyimwa jina. Aliyeninyima alikuwa jirani yangu, Mama Shemasi wa kanisa letu, na alininyima miaka tisa bila kupepesa jicho. Nimeahidi kumweleza bila kinyongo. Nitajaribu.

Kanisa letu lilianza na miti na shitingi, yale maturubai meupe ya msaada, baadaye tukapata matofali ya udongo na mabati. Karibu sote tulitoka Kivu ya Kusini, wa Fizi, wa Uvira, wa milimani, na kila mmoja alikuja na desturi zake kichwani kwa sababu mikono ilikuwa imebeba sufuria. Kwenye majina tulielewana hivi. Mtoto wa kiume anapewa jina na baba yake, hata akimwita jina la mcheza mpira ni shauri lake. Mtoto wa kike anapewa jina na Mama Shemasi, mbele ya kanisa, Jumapili ya kwanza baada ya kitovu kuanguka, na lazima liwe jina la mwanamke wa kwenye Biblia. Sijui nani alianzisha mambo haya. Nilipofika nilimkuta mama huyu yuko kazini, utafikiri ana barua ya ajira.

Alikuwa mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kwa nguvu hadi unamwonea huruma mwenye kiuno. Sikumwona akicheka. Kwenye mafundisho ya akina mama alikuwa mkali juu ya tamaa, na nyumbani kwake chai alitia sukari vijiko vinne, akikoroga huku anakutazama usoni ili uthubutu kusema kitu. Alikataza umbeya. Lakini Jumamosi, kabla ya mtoto kupewa jina, alikwenda kwa mzazi, akakalia bidoni, dumu la maji, na swali lake la kwanza lilikuwa umbeya mtupu.

"Ile siku ya kuzaa, kulifanyika nini? Nani alikuwako? Nani hakukuja?"

Mtoto mwenyewe hakumtazama. Alisema mtoto hana habari yoyote, habari ziko kwa mama.

Ndivyo alivyopatikana Roda. Mama yake alipelekwa zahanati kwa boda, uchungu umeiva, wakakuta geti limefungwa na mlinzi amekwenda kutafuta chai. Wakagonga, wakagonga. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye nyasi, nje ya geti. Jumapili Mama Shemasi akasimama akatangaza: Roda. Akaeleza kwamba katika Biblia Roda ni yule msichana aliyesikia Petro anabisha mlangoni, akakimbia ndani kupiga kelele kwa furaha, akamwacha Petro nje. Mlinzi wa zahanati alikuwa muumini wetu, kiti cha tatu kutoka mbele. Aliangalia viatu vyake ibada nzima.

Kulikuwa na baba mmoja aliyetaka binti yake aitwe Delila. Alilisikia mahali, akapenda mlio wake. Mama Shemasi alimuuliza kwa upole, na upole wake ndio ulikuwa wa kuogopwa.

"Baba, weye unajua ule mwanamuke alifanya kazi gani?"

"Alikuwa ananyoa batu."

"Hata kunyoa hakunyoa yeye mwenyewe. Aliita mutu."

Mtoto akaitwa Abigaili. Baba yake alifungua duka la kinyozi baadaye, sijui kama mambo hayo yanahusiana.

Na kulikuwa na mapacha, Marta na Maria. Waliitwa hivyo wakiwa hata shingo hazijakaza, na Mama Shemasi alijivunia kazi hiyo hadi ikawa kero. Walipofika miaka minane, Marta anateka maji, Maria anakaa kivulini anasikiliza wakubwa. Mama Shemasi akipita hapo ananigusa bega: "Unaona?" Mimi nilimwambia ukimwita mtoto Maria tangu siku ya nane na kila siku ukamweleza Maria alikuwa anakaa, atakaa. Alinijibu kwamba nina kichwa cha mabishano, na kwamba watu wa Fizi wote tuko hivyo.

Sasa niseme jambo moja la kumtendea haki. Hakuwa na ubahili wa majina. Jina likimpendeza alilitoa tena na tena. Debora walikuwa watano kijijini kwetu peke yake, Esta wanne, Rebeka hata sijui. Siku ya posho, karani akisoma Debora, inazuka vita ya viwiko. Kwa hiyo mtu anayetoa Debora watano, unategemea atakuwa na Raheli walau mmoja. Hakuwa naye. Miaka yote ile, katika kanisa lililojaa akina Lea, Sara na Rebeka, hakukuwa na Raheli hata wa dawa.

Na Raheli ndiye niliyemtaka mimi.

Raheli lilikuwa jina la mama yangu. Tulipokimbia aliugua njiani, akafa njiani, tukamzika kando ya barabara jioni moja kwa haraka, na leo ukinipeleka kule siwezi kukuonyesha ni wapi. Sina picha yake, sina kitenge chake. Nilibaki na jina. Nilikuwa nimejiwekea moyoni: nikijaliwa binti, ataitwa Raheli, na mama atakuwa amerudi nyumbani hata kama nyumba yenyewe ni ya shitingi. Kwa hiyo nilipojifungua binti wa kwanza, na Mama Shemasi alipokuja Jumamosi akakalia bidoni yangu, sikungoja maswali. Nilimwambia yote, mpaka habari ya kaburi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Raheli, hapana."

"Kwa nini, Mama?"

"Hapana. Njo sababu."

Kesho yake akambeba binti yangu mbele ya watu wote akasema huyu ni Lea. Akaeleza kwamba Lea alikuwa na macho dhaifu na hakupendwa sana, lakini alizaa watoto wengi na akazikwa pamoja na wakubwa, mahali panapojulikana. Mume wangu akasema amina. Nilimkanyaga mguu, lakini ilikuwa imeshatoka.

Jamani, niliumia. Niliona kama mama yangu amekufa mara ya pili, na safari hii mbele ya kanisa zima likiimba pambio. Ofisini ningeweza kuandikisha Raheli tu, nani angenizuia? Nilikwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, nikapanga foleni tangu asubuhi, nikafika dirishani. Karani akauliza jina la mtoto. Nikasema Lea. Mpaka leo sijui mdomo wangu ulifanya nini siku ile. Niliporudi sikumsalimia Mama Shemasi miezi mitatu, na si jambo rahisi kutomsalimia mtu ambaye choo chake na chako vinatazamana. Yeye alinisalimia kila asubuhi kama kawaida. Na kila mavuno ya muhogo alileta unga kwenye kisahani, anasema ni wa Lea. Lea alikuwa hana hata meno.

Nilikuja kugundua si mimi peke yangu. Mke wa mwalimu aliomba Raheli akapewa Rebeka. Mama mmoja wa milimani aliomba akapewa Sara. Basi watu wakatengeneza maelezo. Wengine walisema ni kwa sababu Raheli aliiba vinyago vya baba yake akavikalia. Wengine, ni kwa sababu alifia uzazini. Mchungaji alitufundisha kwamba Raheli maana yake ni kondoo jike, na kwamba anapotokea mara ya kwanza katika Biblia anakuja kisimani na kondoo za baba yake, na Yakobo akalia. Akasema haoni ubaya wa jina hilo. Mama Shemasi akaitikia amina kwa sauti, na Jumapili iliyofuata akatoa Debora wa tano.

Tulipatana kwa sababu ya kusoma. Mama Shemasi hakujua kusoma, jambo lililonishangaza kwa mtu aliyewashika wanawake wote wa Biblia kichwani, pamoja na waume zao na makosa yao. Alinijia siku moja na Biblia kifuani akasema macho yamechoka. Nikamwonea aibu nikajifanya nimeamini. Tangu hapo nikawa namsomea mchana, Lea akilala.

"Soma polepole," ananiambia. "Hawa ni batu. Haiko muhogo unatwanga."

Pale kisimani, Raheli akija na kondoo, alitaka nirudie. Nilirudia hata mara tatu kwa siku moja, na mimi nikisoma kwa hasira, maana nilidhani ananichezea. Lakini tukifika pale Raheli anapofia njiani, anainua mkono. "Ruka." Narukia Yusufu na ndoto zake.

Kitu kingine alichopenda ni matangazo. Kila mwanzo wa mwezi walikuja Base Camp wale watu wanaotafuta waliopotezana na ndugu zao vitani. Walibandika karatasi ukutani na kusoma majina kwa kipaza sauti: mtoto fulani anatafutwa na mama yake, mtoto fulani yuko kambi fulani anamtafuta baba yake. Mama Shemasi hakukosa. Mwendo ni mrefu, vumbi ni la kukata na panga, lakini anakwenda na fimbo yake na kurudi jioni. Tulisema mzee anapenda habari. Siku niliyomsindikiza, askari wa getini, Munyankole, mwenyeji wa huko, mwenye Kiswahili cha kambi ya jeshi kisichotofautisha mimi na wewe, alimsimamisha.

"Wewe mama, nakuja hapa kila mwezi. Nataka nini?"

"Ninakuja kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Majina."

Askari akaenda ndani akamletea kiti. Mimi nilisimama. Tulikaa pale mpaka karatasi ya mwisho, Mama Shemasi amenyoosha shingo. Njiani nilimuuliza kama anachukua majina mapya ya kuwapa watoto. Akaniambia nitazame ninapokanyaga.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya kupakia maziwa mjini Mbarara, tukahamia mtaa wa Ruti, nikaanza kuuza ndagaa kando ya barabara ya Kabale. Mama Shemasi hakuupenda mji huo. Alisema Banyankole wanasalimiana mpaka chakula kinapoa, na kwamba boda hatapanda kamwe, maana hawezi kumkumbatia mwanaume asiyejua hata kanisa lake. Kwa hiyo nilipojifungua binti wa pili kule hospitali ya mjini na kurudi Ruti, sikumtegemea. Nilikuwa nimeshaamua. Mbarara hakuna shemasi, huyu nitamwita mwenyewe, na nitamwita Raheli.

Siku ya tisa, mchana, nikasikia makelele ya kugombeza nje. Nikachungulia. Mama Shemasi anashuka kwenye boda, amekaa upande upande, ameshika shati la kijana kwa vidole viwili tu kama anayeshika panya aliyekufa. Kijana anatoka jasho.

Aliingia, akakaa. Nilimpa kiti, siku hizo tulikuwa na viti. Hakuuliza nani alikuwako wala nani hakuja. Alimtazama mtoto, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kisha akasema:

"Huyu ni Raheli."

Nilingoja furaha ije. Ikaja hasira. Nilimwambia, Mama, miaka tisa umeninyima, nimelia mbele yako, nimekueleza kaburi la mama yangu, leo unakuja kuniletea kama unaleta unga? Nataka sababu, na usiniambie hapana ndiyo sababu.

Alikunja mikono mapajani.

"Niko na mutoto," akasema. "Raheli. Alikuwa na miaka kumi. Mu mwaka ya tisini na sita, tukikimbia, batu balikuwa mingi ku njia. Miye mizigo iko ku kichwa, yeye anashika kitenge yangu kwa nyuma. Nasikia ule mukono, natembea. Natembea saa mingi. Kufika fasi ya kupumzika nageuka, naona ni mutoto wa mutu mwingine anashika."

Nikauliza swali la kijinga, yule mtoto mwingine alikwenda wapi.

"Ule nilirudishia mama yake kesho yake."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya ndagaa. Alipofika Nakivale alikuta wanasoma majina kila mwezi. Akafikiri. Siku moja wakiita Raheli, na kambini Raheli wako makumi mbili, watakimbilia wote, huyu anasema ni mimi, yule anasema ni mimi, karani atachoka, ataandika yeyote, na wa kwake atapita. Si nimeona vile Debora watano wanavyopigana posho? Kwa hiyo akaliweka lile jina pembeni. Kambi nzima hakuweza kuizuia, lakini kanisa letu aliliweza. Raheli awe mmoja, akiitwa ajulikane.

"Na sasa?"

"Sasa ku Base Camp kumekuja kijana wa kompyuta. Nikamweleza vile nachunga jina. Akacheka kidogo, kijana muzuri tu, haiko na zarau. Akasema, mama, hatutafuti na jina peke yake. Jina ni moja kwa batu elfu. Leta picha." Akanyoosha kitenge magotini. "Picha sina. Kumbe nilikuwa nachunga bure. Weye ulilia sana. Chukua."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikumbuka miezi mitatu ya kumnunia pale chooni, na kisimani kule kwenye Biblia nilivyomsomea kwa kisirani. Nilimwambia, hapana Mama, jina hili lina mwenyewe.

"Mwenyewe sasa iko na miaka makumi mbili na saba," akasema. "Kama yuko, yuko nalo. Haiko shati, kusema bakivaa bawili itapasuka."

Akasimama katikati ya sebule yangu, akambeba mtoto, akatangaza kama kanisani. Waliokuwepo ni mimi, Lea na yule kijana wa boda aliyekuwa mlangoni anangoja nauli yake. Kijana ndiye aliyesema amina ya kwanza. Na nisiseme uongo, nilifurahi pia. Nilipata jina la mama yangu, na furaha hiyo niliionea aibu hapo hapo, kwa sababu nilijua ameliacha ili mimi nilipate.

Kule Nakivale mambo yakafunguka. Kabla ya mwaka kwisha kanisani walikuwepo akina Raheli wanne. Akina mama wakanipigia simu kunishukuru, eti nimemlainisha mzee. Nikasema si mimi. Na Base Camp akaacha kwenda. Niliposhuka huko kusalimia, yule askari alinijua, akaniuliza mama ya majina imeenda wapi, kiti yake iko.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tano. Alikuja Mbarara kutazamwa macho, safari hii yalikuwa yamechoka kweli, akalala kwetu wiki nzima. Asubuhi alikaa uani kwenye mkeka akichambua maharage kwa vidole, kwa kuwa kuona aliona ukungu. Alilalamika maharage ya Ruti yana mawe, chai ya Ruti haina sukari. Raheli wangu, miaka miwili na ushee, alikuwa anazunguka karibu yake.

Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya ndagaa, hatua chache. Nilikuwa namfungia mteja, nikageuka, simwoni mtoto. Geti liko wazi, barabara ya Kabale iko pale pale, malori hayana breki. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Raheli! Raheli! Uko wapi?"

Mama Shemasi akanyanyuka. Sijui alinyanyukaje, fimbo aliiacha chini na sinia la maharage likamwagika lote. Alikwenda moja kwa moja mpaka getini, akasimama, akaweka mkono juu ya macho. Kulikuwa na teksi imesimama inashusha abiria. Akawa anawatazama wanavyoshuka, mmoja mmoja, wanawake watu wazima.

Mtoto alikuwa mkekani, muda wote alifichwa na mgongo wake, amechuchumaa anaokota maharage.

Sikuita tena. Nilisimama na ndagaa mkononi, mteja ananiuliza chenji, mpaka Mama Shemasi alipomaliza kutazama.